Mkipenda historia, laleni ndani yake

Wapo mume na mke ambao, wakipata likizo ya siku nne, hukimbilia ufuo wa bahari, wakalala juani kutwa kucha na kurudi mjini na ngozi zilizobabuka. Hao si ninaowaandikia leo. Leo nazungumza nawe, msomaji wangu, uliyeoana na mtu ambaye hawezi kupita penye ukuta wa kale bila kusimama na kuupapasa. Na wewe mwenyewe, tuseme kweli, una maradhi yayo hayo. Mmedunduliza pesa mwaka mzima, shilingi baada ya shilingi. Watoto mmewapeleka kwa nyanya yao. Mnataka mahali pa kimya, mlale mshibe usingizi, mnywe chai bila kukimbizana na matatu, na mchana mkaone mambo ya kale.

Kwa maoni yangu, mahali pa kwanza pa kufikiria ni Lamu. Mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, na sababu mojawapo ni kwamba watu bado wanaishi ndani yake. Si magofu yaliyozungushiwa ua. Kwa hiyo, swali si kama mwende Lamu au msiende. Swali ni: mtalala wapi?

Hapo ndipo wengi wanapobahatisha. Huona picha ya kitanda cha nakshi chenye chandarua cheupe, wakatuma arbuni siku iyo hiyo. Kumbe kitanda cha nakshi chaweza kuwekwa popote, hata katika nyumba ya saruji iliyomalizika mwaka jana. Lamu ni mji ambao nyumba ya kulala wageni yenyewe yaweza kuwa ndiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote mtakazoziona. Mkiikosa, mtakuwa mkilipa kiingilio kwenda kutazama kitu ambacho wenzenu wamelala ndani yake.

Basi ijue nyumba ya Lamu kabla hujampigia simu mwenyewe. Nyumba za mawe zilizosimama leo nyingi ni za karne ya 18 na ya 19. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini na nchi kavu, zimeshikwa kwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na unene wake hufika karibu nusu mita. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko hauna urefu wa kutosha kubeba dari ya chumba kipana, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita mbili u nusu hadi tatu hivi. Ukiona katika picha chumba cha mraba, kipana kama ukumbi wa harusi, jua ama ukuta umevunjwa, ama pametiwa nguzo za saruji, ama nyumba si ya kale.

Unapoingia mlangoni unapita kwanza kwenye daka, pale penye mabaraza ya mawe ambapo mwenye nyumba alizungumza na wageni wasiokuwa wa ndani. Njia hukunjika kidogo ili anayepita kichochoroni asione yaliyomo. Kisha hutokea kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na hewa. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. (Wanafunzi wangu, hayo si makosa ya uchapaji. Kwa Kiamu, chini ni tini na juu ni yuu.) Kila ukizidi kuingia, sakafu huinuka kidogo na mapambo huongezeka. Chumba cha ndani ndicho chenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, ambamo mabibi wa nyumba walipanga vyombo vya kaure kutoka Uchina na kwingineko.

Aliyesoma Al-Inkishafi shuleni atakumbuka jinsi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyotumia vyumba kama hivyo, vya Pate iliyokwisha kuporomoka, kumwonya moyo wake juu ya dunia. Mtu husoma utenzi ule darasani akadhani zidaka ni neno gumu la kukariri kwa ajili ya mtihani. Akilala usiku mmoja mbele ya ukuta wa zidaka, taa ikiwa ndogo, hahitaji tena maelezo ya mwalimu.

Sasa tuje kwenye kimya, maana hiyo ndiyo nusu ya pili ya safari yenu, na hapa lazima nikuambie jambo ambalo matangazo hayasemi. Historia na kimya havikai nyumba moja sikuzote. Nyumba yenye kiwanda ni kama kisima: neno linalosemwa chini husikika juu, na anayekohoa juu husikika jikoni. Msana zamani ulikuwa wazi upande wa kiwanda na kufungwa kwa pazia tu, kwa sababu waliolala humo walikuwa jamaa moja. Nyinyi mtalala na wageni msiowajua. Kwa hiyo uliza kama chumba chenu kina mlango au pazia, na nyumba nzima ina vyumba vingapi vya kukodisha. Nyumba ya vyumba vitatu au vinne, hata ikijaa, bado ni nyumba. Ikiwa na vyumba kumi na viwili vinavyozunguka kiwanda kimoja, mtajua saa ambayo kila mgeni alirudi.

Kuna na suala la ghorofa. Chumba cha chini ni baridi kuliko vyote, lakini huwa na giza na mbu hukipenda. Cha kati, chenye zidaka, ndicho cha mpenda historia. Cha juu darini, kilichoezekwa makuti, ndicho kinachopigwa picha sana. Kina upepo mwanana, na mtu huona bahari akiwa kitandani. Lakini chumba hicho mara nyingi kimeongezwa juzi juzi kwa ajili ya wageni, na sauti zote za mji hukifikia. Mimi ningelala cha kati, kisha jioni nikapanda darini na birauli ya maji ya ndimu.

Sauti za mji ni zipi? Ya kwanza ni adhana. Misikiti ya Lamu ni mingi na imekaribiana, na adhana ya alfajiri itakuamsha. Mtu anayeichukulia adhana kuwa kelele asiende Lamu, aende kwingine. Ya pili ni punda. Mizigo mingi ya mji ule hubebwa na punda, kwa sababu vichochoro havipitishi gari, na punda akiamua kulia saa tisa usiku hakuna dirisha litakalomzuia. Sitaji paka, maana ugomvi wao juu ya dari nitauandikia siku nyingine. Kwa mtu aliyezoea honi za Nairobi na vipaza sauti vya ujirani, sauti hizi si kitu, na baada ya usiku wa pili utazikosa zikinyamaza. Linaloharibu likizo ni jenereta chini ya dirisha, mkahawa wenye muziki, au fundi anayegonga nyundo katika nyumba ya jirani tangu asubuhi. Hayo matatu yaulizie kwa majina. Usiulize, "Je, hapo ni kimya?" Nani atakujibu hapana? Sema hivi: "Tafadhali bwana, dirisha la chumba hicho linaangalia nini? Jirani anajenga? Stima ikipotea mnawasha nini, na kiko wapi?"

Halafu lipo suala la mtaa. Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko kwenye nyumba nyingi za mawe, vichochoro vyembamba, na madaraja ya juu yanayoitwa wikio, yanayounganisha nyumba moja na nyingine juu ya vichwa vya wapita njia. Langoni, upande wa kusini, kumechangamka zaidi kwa maduka na watu, na ndiko uliko msikiti wa Riyadha unaohusishwa na Habib Swaleh, ambao huwavuta wageni kutoka nchi nyingi wakati wa Maulidi. Shela iko mbali kidogo, mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu ukifuata pwani. Huko kuna kimya kingi na ufuo mrefu wa mchanga. Wengi watakushauri Shela kwa sababu hiyo, nami sipingi, ila ujue kwamba nyumba nyingi za hapo zimenunuliwa na watu wa ng'ambo na kufanywa upya. Utalala raha mustarehe, lakini mlinzi wa nyumba huenda asijue babu wa nani aliijenga.

Ndiyo sababu mimi nina swali moja ninalolipa uzito kuliko yote: nyumba hii ilikuwa ya nani? Muulize anayepokea simu, kwa upole, kisha unyamaze umsikilize. Akianza kukusimulia kwamba nyumba ilikuwa ya jamaa fulani, ikagawanywa kwa mirathi, kwamba upande ule wa nyuma anaishi shangazi yake mpaka leo, na kwamba chumba mnachokitaka ndimo alimozaliwa mama yake, tuma arbuni. Mtu huyo atawajibu maswali yote mtakayokuwa nayo kwenye kiamshakinywa, na hatavunja ukuta wa zidaka ili atie kabati. Pesa zenu nazo zitakuwa zimeingia mahali ambapo zinasaidia ukuta huo kupata chokaa mpya. Nyumba ya matumbawe isiyotiwa chokaa hunywa maji ya mvua, na boriti zikioza dari hushuka. Jamaa wengi huuza si kwa kupenda bali kwa kushindwa na gharama hiyo. Akikujibu tu kwamba kuna intaneti ya kasi na runinga kubwa, basi umepata hoteli. Si dhambi, lakini sicho mlichokidundulizia.

Juu ya arbuni: ikiwa unatuma kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla hujabonyeza, na liwe ni jina uliloambiwa. Tuma sehemu tu, si zote.

Niseme na jambo jingine, hata kama litapunguza utamu wa likizo kidogo. Mpenda historia hapendi nusu yake. Nyumba zile nzuri hazikujengwa kwa biashara ya majahazi pekee. Utajiri wake ulitoka pia katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na vyumba vya chini, vile nilivyokwambia ni baridi na giza, ndimo mara nyingi walimolala watumwa wa nyumbani au kuwekwa shehena. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu ya Kenya hadi mwaka wa 1907. Nyuma ya chumba cha ndani palikuwa na kijichumba ambamo wanawake walijifungua na maiti wa jamaa waliosheshwa kabla ya kuzikwa. Mwingine akisikia hayo atahama chumba. Wewe na mwenzako, nadhani, mtakaa mkae mkizungumza hadi taa izimike yenyewe. Lakini zungumzeni kabla ya safari: kama mmoja wenu hapendi kulala penye kumbukumbu kama hizo, afadhali ijulikane Nairobi kuliko Mkomani usiku wa manane.

Mkisha kufika, msijaze siku. Hili ni kosa la wapenda historia duniani kote: hugeuza likizo ikawa ziara ya shule, mmoja akitangulia na kijitabu, mwenzake akiburura miguu nyuma na kinyongo moyoni. Jambo moja asubuhi latosha. Siku ya kwanza ngome, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1813 hivi na kumalizika 1821, na ambayo ilikuwa jela tangu mwaka wa 1910 hadi 1984. Siku ya pili makumbusho ya Lamu yaliyo mbele ya bahari, na ile nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa, ili mlinganishe na chumba chenu. Mkipita barabara kuu, chunguliani posta ya Wajerumani. Naam, Wajerumani walikuwa na posta Lamu, kutoka mwaka wa 1888 hadi 1891, wakati walipokuwa na tamaa na nchi ya Witu.

Siku ya tatu nendeni Takwa, kisiwani Manda. Huu ni mji uliohamwa katika karne ya 17, na husemekana wenyeji wake walivuka wakaenda kuishi Shela. Msikiti wake una nguzo juu ya kibla, na watu wa Shela wamekuwa wakienda huko kuomba mvua. Ila Takwa haiendwi wakati wowote. Chombo hupita katika mkono wa bahari wenye mikoko, na maji yakitoka mnakwama. Mwulizeni nahodha saa za maji kujaa, na mkubali atakachosema, hata kama ni alfajiri. Bahari ile ina kawaida ya kuwaaibisha wasiouliza: husimuliwa kwamba katika vita vya Shela, mnamo mwaka wa 1812 hivi, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu, na walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yametoka.

Kwa jioni, chukueni Utendi wa Mwana Kupona. Aliutunga mwaka wa 1858 kumwusia binti yake juu ya mwenendo na ndoa, na mumewe ni yule Bwana Mataka wa Siyu aliyewasumbua masultani wa Unguja. Usomeni pamoja darini. Hapana shaka mtabishana, hasa bibi akifika pale penye wajibu wa mke kwa mumewe, na ubishi wa namna hiyo una afya kuliko ule wa bili ya stima.

Msimu nao uzingatiwe. Wakati wa Maulidi, ambao husogea kila mwaka kwa kufuata mwezi, na wakati wa tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba, mji hujaa na vyumba hupanda bei. Ni nyakati za kupendeza, lakini si za kimya. Desemba hali ni iyo hiyo. Mvua kubwa za Aprili hadi Juni hufukuza watalii, na baadhi ya nyumba hufungwa kabisa, lakini zile zinazobaki wazi hupunguza bei, na kusikiliza mvua kupitia kiwanda ukiwa chini ya boriti za mikoko si adhabu. Miezi ya Julai hadi Septemba ni mizuri kwa mtu asiyependa joto.

Je, ikiwa nauli ya Lamu imewashinda? Mombasa ipo, na garimoshi la SGR limekuwa likifika huko tangu mwaka wa 2017. Tafuteni chumba Mji wa Kale badala ya kukimbilia Nyali, mwamke mtembee kwa miguu hadi Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ikazingirwa na Waomani kutoka 1696 hadi 1698, na ikafanywa jela na Waingereza kuanzia mwaka wa 1895. Vyumba vya kulala wageni ni vichache huko na joto ni kali zaidi, kwa hiyo ulizeni juu ya feni kabla ya kuuliza juu ya zidaka. Wanaopenda magofu yaliyomezwa na msitu wakae Watamu, waende Gedi asubuhi mapema kabla ya mabasi ya wanafunzi.

Lakini kama ni Lamu, basi ulizeni pia kiamshakinywa ni kipi. Wakisema slesi na soseji, waambieni kwa heshima kwamba hivyo mmeviacha nyumbani, mwapendelea mahamri na mbaazi za nazi kama wanavyokula wenyewe. Mara nyingi mpishi hufurahi. Vaeni nguo za heshima, na mapenzi ya hadharani yawekeni akiba hadi chumbani. Chukueni mikoba ya kubeba begani badala ya sanduku la magurudumu, maana magurudumu na vichochoro vile havipatani, pamoja na tochi na noti ndogo ndogo.

Mwishoe, mkishuka uwanja wa ndege wa Manda au mkija kwa basi hadi Mokowe, mtavuka kwa mashua. Mwombeni mwenye nyumba atume mtu awangojee gatini, na mfike kabla ya magharibi. Mkikosana na mtu wenu, mwulizeni mtoto yeyote. Atawaonyesha njia kwa kidole, kisha atawafuata hadi mlangoni ahakikishe hamkupotea.